Muulizeni mwenyewe, msimuulize anayemsukuma

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo maana hili jambo limenikaa rohoni. Juzi nilimsindikiza kaka yangu kwenye ofisi moja ya huduma za jamii, yeye anatumia wilchea, tumefika kaunta karatasi zote kazipakata yeye, yule dada wa mapokezi ananitazama mimi ananiuliza "mgonjwa wako ana shida gani?" Jamani kaka yangu haumwi! Kaja kuulizia stahili zake na anajieleza vizuri kunishinda. Kaunta ilikuwa juu, ikabidi fomu aijazie mapajani, na fomu yenyewe swali la kwanza ni aina ya ulemavu, la pili ulianza lini, mpaka mwisho hakuna panapouliza unahitaji nini ili uhudumiwe kama wenzako.

Sasa watu wakisikia nadharia ya ulemavu, yani mawazo kuhusu ulemavu ni nini na unatoka wapi, wanadhani ni mambo ya kukaririwa chuoni, kumbe ndo hiyo hiyo inayoamua fomu iulize nini. Ukiamini tatizo liko mwilini utauliza habari za miguu basi. Mwaka 1976 kikundi cha watu wenye ulemavu kule Uingereza, UPIAS, walitenganisha vitu viwili, hitilafu ya mwili ni kitu kimoja na ulemavu ni kingine, yani ule mzigo ambao jamii inakuongezea kwa kukufungia nje. Mike Oliver, msomi wa Uingereza ambaye naye alikuwa anatumia wilchea, mwaka 1983 akayaita mawazo hayo mtazamo wa kijamii, na aliokuwa anawaandikia ni haswa maafisa wa ustawi wa jamii, watu wa kaunta kama ile.

Wapo wanaosema mtazamo huo unasahau maumivu, na kiukweli wana hoja, kaka mgongo unamuuma usiku na hakuna njia ya mteremko itakayoutuliza. Dawa anazihitaji. Ila si mgongo uliomnyima kusikilizwa siku ile.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu upo tangu 2006, na kifungu cha 4 kinataka watu wenyewe washirikishwe kwenye maamuzi yanayowahusu. Kwahiyo naomba wakuu wa hizi ofisi, mkikaa kupanga fomu au kujenga kaunta waiteni watumiaji wa wilchea, viziwi na mkalimani wao wa lugha ya alama, wasioona, wenye ulemavu wa akili pia (hawa ndo husahaulika kabisa), na muwalipe kama mnavyowalipa washauri wengine. Sio kuwaita siku ya uzinduzi kupiga picha.

Mwezi ujao kaka anarudi pale kufuatilia faili lake, na safari hii tumekubaliana mimi nabaki nje kwenye benchi.

Msomaji wako