Madaktari wa mgongo Pwani wapewe vifaa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasihi wakuu wa afya wa Mombasa na kaunti jirani wawapatie madaktari wetu vifaa vya kupasua mgongo kwa tundu dogo.

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia. Wagonjwa hunifikia wakishatoka kwa mpasuaji, na mishono yao naiona kila siku. Aliyepasuliwa kwa njia ya kawaida huja na mshono mrefu, misuli yake ilibanduliwa kwenye mfupa ili daktari apate njia. Kugeuka tu kitandani humtoa jasho. Aliyepasuliwa kwa tundu huja na kovu lisilozidi sana sentimita 2. Daktari amepenyeza bomba jembamba, akaitanua misuli bila kuikata, akatoa kipande cha diski (ule mto laini ulio kati ya pingili za mgongo) kilichokuwa kikibana neva. Wengi wao husimama siku ile ile au kesho yake.

Njia hii haimfai kila mgonjwa. Mgongo uliovunjika vibaya au kupinda sana huenda ukahitaji kufunguliwa. Hata kwa diski iliyotoka, baada ya mwaka au miwili hali za wagonjwa wa njia zote mbili hukaribiana. Lakini kwa hamali wa soko la Kongowea au kuli wa bandarini anayelipwa kwa siku, zile wiki za mwanzo ndizo chakula cha watoto wake.

Mbinu ya bomba imekuwa ikitumika Marekani tangu miaka ya 1990. Wapo wapasuaji wetu waliojifunza, kisha wakirudi hawana cha kufanyia kazi. Inahitajika mashine ya eksirei inayotoa picha mgonjwa akiwa mezani, maana kwa tundu dogo daktari hawezi kujua kwa macho yuko kwenye pingili ya ngapi. Inahitajika hadubini au endoskopu (kamera nyembamba ya kuonea ndani ya mwili), seti ya mabomba, drili ndogo, na aproni za risasi za kuwakinga wahudumu na mionzi. Kikikosekana kimoja, daktari atapasua kwa njia ya zamani au ataandika rufaa ya Nairobi. Hebu fikiria mtu ambaye neva inamchoma kutoka kiunoni hadi kwenye kisigino, akae kitako kilomita zisizopungua 480! Na mgonjwa wa Lamu au Tana River huwa amefika Mombasa akidhani safari imekwisha.

Hata hivyo, kununua tu hakutoshi. Mwaka 2015 serikali ya kitaifa ilianza mpango wa kukodi vifaa kwa hospitali 98 nchini. Kamati ya Seneti iliyouchunguza ilipata kwamba baadhi ya mashine zilikaa bure, kwa sababu hospitali hazikuwa na wataalamu au miundombinu ya kuziendesha. Kwetu Pwani kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji: unyevu. Lenzi ya hadubini ikiachwa kwenye chumba chenye joto na unyevu wa Mombasa huota ukungu, na picha ikififia mpasuaji hawezi kuthubutu kukaribia neva. Chumba cha vifaa hivyo lazima kiwe kikavu saa 24, umeme ukipotea pia.

Kwa hiyo naomba wapasuaji, wauguzi wa chumba cha upasuaji na mafundi wa mitambo ya hospitali waulizwe kabla zabuni haijatangazwa, si baada ya makasha kufika Kilindini. Mkataba utaje vipuri, matengenezo na mafunzo ya fundi aliye hapa hapa. Kaunti sita za Pwani zinaweza kuchangia seti moja iliyo kamili, ikae Mombasa, na wapasuaji wa kaunti zote waruhusiwe kuitumia kwa zamu. Mkufunzi naye aletwe huku, afanye kazi bega kwa bega na madaktari wetu, kwa wagonjwa wetu.

Tutakapoitwa kutoa maoni kuhusu bajeti ya kaunti, nitalipeleka ombi hili kwa maandishi. Nawaomba wenye wagonjwa wa mgongo nyumbani nao waje walisemee.

Mtaalamu wa fiziotherapia,
Changamwe, Mombasa