Barua kwa wazazi wa Darasa la Awali: vitabu vya picha na hesabu za likizo

Ofisi ya Mwalimu Mkuu
5 Desemba 2024

Ndugu mzazi/mlezi,

YAH: KUFUNGA SHULE, NA KITABU ATAKACHOKUJA NACHO MTOTO

Habari za nyumbani. Tunafunga kesho Ijumaa na tutafungua Jumatatu, tarehe 13 Januari 2025. Ripoti mtapewa na mwalimu wa darasa. Mimi nina jambo moja tu, la hesabu.

Muhula huu baadhi yenu mmefika ofisini na daftari mkononi, mkiuliza mbona mtoto anashinda akitazama picha za kuku ilhali mwana wa jirani anaandika 1 mpaka 100. Mna haki ya kuuliza. Hata mimi nilikuwa na wasiwasi huo, mpaka siku nilipokwenda kukaa mkekani pamoja nao.

Mwalimu alifungua ukurasa wenye vifaranga. Binti mmoja akahesabu kwa sauti safi, mdomo ukikimbia na kidole kikijikokota nyuma, akafika nane. Vifaranga walikuwa watano. Akarudia polepole, kidole kimoja kifaranga kimoja, akaishia tano. "Haya, wako wangapi?" Akaanza upya: moja, mbili... Mtoto huyu huimba mpaka ishirini bila kukosea. Alikuwa hajajua kwamba ile namba ya mwisho ndiyo jibu. Daftari lisingetuonyesha hilo, kwa sababu mtoto anaweza kunakili 5 nzuri kabisa na asijue ni ngapi.

Na Kiswahili chetu kina mtego wake. Tunahesabu moja, mbili, tatu, lakini kwenye picha kuna mbuzi wawili, vikombe viwili, mayai mawili, miti miwili. Mtoto wa miaka mitano inabidi agundue kuwa zote hizo ni mbili ile ile. Akizoea, anakutana na sita na saba zisizobadilika kabisa, halafu nane inabadilika tena! Sisi tulishasahau kwamba tulijifunza haya. Kitabu chenye mbuzi, vikombe na mayai kinampitisha humo taratibu, bila somo la sarufi.

Kuna kitabu kimoja chenye namba 7 na kikapu cha maembe, tumekisoma tangu Machi. Mwezi wa kumi, mtoto mmoja mkimya sana aliweka kizibo cha soda juu ya kila embe, akabaki na kizibo kimoja mkononi. "Mwalimu, embe moja halipo." Tukainama walimu watatu tukahesabu: maembe sita. Waliochapa walikosea, nasi miezi yote hiyo tulikuwa tunasoma namba tu, picha hatukuihesabu. Watoto wamelichora la saba wenyewe. Ni kubwa kuliko kikapu, na halitafutwa.

Sasa ombi langu. Kila mtoto atakuja na kitabu kimoja ndani ya bahasha ya kaki; ndugu wanaokaa nyumba moja watatumia kimoja, maana havitoshi. Dakika kumi jioni zinatosha. Muulizeni wako wangapi, kisha msubiri. Akikosea, msimtajie jibu, mwambieni ahesabu tena kwa kidole. Funikeni picha mbili kwa kiganja mumuulize zimebaki ngapi. Ukurasa wa sahani tupu msiuruke: sifuri anaianzia hapo. Maneno ni machache, kwa hiyo hata bibi asiyesoma anaweza kazi hii, na akiwa na kete za bao za kupanga juu ya picha, atatushinda walimu.

Kuandika mpaka 100 msimlazimishe likizo hii. Darasa la Kwanza ataandika mpaka achoke.

Kitabu kikichanika, kirudisheni hivyo hivyo, tutakibandika. Mtoto asichapwe kwa ajili hiyo. Kinachonisikitisha ni kile kinachorudi Januari kisafi kama kilivyotoka, kwa kuwa kilifungiwa kabatini kisichafuke.

Siku ya kufungua, mwenye kalenda ya mwaka huu yenye picha, au boksi gumu, atuletee. Tutashona vitabu vyetu wenyewe, na safari hii maembe tutayahesabu kabla ya kuandika namba.

Wenu katika malezi,

Mwalimu Mkuu