Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Asalamu alaikum, Bwana Yesu asifiwe. Kwa niaba ya kamati tendaji, nawasilisha kwenu taarifa ya mwaka ya chama chetu cha wanasa sauti za ndege na wanyama wa porini. Mambo ya kawaida nitayapitia haraka, kwa sababu lipo moja ambalo kamati inataka mlitolee uamuzi leo: kanda za wazee wetu.

Chama kiko hai. Tumepata wanachama kutoka Pemba na Muheza, na wenzetu wa Kilifi wameendelea kuvuka mpaka kuja kwenye mikutano, jambo linalonipa moyo sana. Ada zinalipwa, ingawa wengi wetu husubiri wiki ya mkutano. Mweka hazina atasoma hesabu zake baada yangu. Vibali vya kuingia Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani vilitoka kwa wakati, na kwa hilo namshukuru katibu. Safari ya masika iliahirishwa kwa ubovu wa barabara. Ile ya vuli ilifana.

Sasa nije kwenye kanda. Mzee wetu wa Muheza, ambaye wengi humu ndani ndiye aliyetufundisha kukaa kimya msituni, alianza kurekodi ndege katika miaka ya 1970 kwa redio kaseti ya betri. Mwaka huu ametukabidhi maboksi yake yote. Masikio ya uzeeni hupoteza kwanza sauti nyembamba za juu, na yeye mwenyewe ametuambia kwamba yule ndege mdogo aitwaye chozi hamsikii tena, hata akiwa kwenye ua la mgomba mbele ya macho yake. Kwa hiyo alichonacho cha chozi ni kile kilichomo kwenye kanda tu.

Na kanda zinaharibika. Hewa ya pwani haina huruma: ukungu mweupe umeshaota pembezoni mwa utepe, na kwenye kaseti nyingine ule unga unaobeba sauti unabanduka na kuganda kwenye kichwa cha mashine. Kaseti ya namna hiyo haichezwi mara mbilimbili kwa kujaribujaribu. Unasafisha mashine kwanza, unaandaa kompyuta, unaicheza mara moja na kuinasa moja kwa moja kama faili la WAV, yaani faili linalotunza sauti yote bila kuipunguza. Tusiihifadhi kama MP3, kwa sababu MP3 hupunguza ukubwa wa faili kwa kutupa sehemu ya sauti, na kilichotupwa hakirudi.

Kamati imeshahamisha sehemu ya maboksi hayo. Niruhusuni niwaeleze kaseti moja tu. Inaanza na mvua inayoacha kunyesha, matone yakidondoka kwenye majani mapana. Kisha tipitipi anaanza, ule mlio wake unaoteremka haraka kama maji yanayomiminwa kutoka kwenye chupa, halafu mwenzake anamjibu ng'ambo ya mto. Mbali kabisa hondohondo wanapita, na mabawa yao yanasikika kabla ya milio yao. Mwishoni mzee anasogeza mdomo kwenye maikrofoni na kusema taratibu: mahali ni Sigi, saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi, tarehe, mwezi na mwaka, mvua imekatika sasa hivi, upepo hakuna. Hayo maneno yake machache ndiyo yanayoifanya rekodi iwe na thamani kwa mtafiti wa leo na wa miaka hamsini ijayo.

Nasema hivyo kwa sababu boksi jingine tulilopokea, si la mzee huyo, lina kanda nzuri ajabu ya kipwe dume na jike wakiimba kwa kupokezana, wamefungana kiasi kwamba asiyejua angeapa ni ndege mmoja. Uimbaji huo ulichunguzwa hukuhuku Afrika Mashariki katika miaka ya 1960 na William Thorpe, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, akishirikiana na Myles North, aliyekuwa ofisa wa serikali ya kikoloni nchini Kenya na mrekodi hodari wa ndege. Kanda yetu ingeweza kulinganishwa na kazi yao. Lakini haina mahali, haina tarehe, haina sauti ya mtu. Imebaki kuwa burudani ya masikio.

Wapo wanaouliza kwa nini tuhangaike na kanda kuukuu ilhali siku hizi simu inakutajia ndege anayelia. Jibu langu ni kwamba simu hiyo haina elimu ya kuzaliwa nayo. Imefundishwa kwa rekodi za watu kama sisi, na rekodi za Ulaya na Marekani ya Kaskazini ni nyingi kuliko za kwetu. Mtandao wa xeno-canto, ulioanzishwa Uholanzi mwaka 2005, unapokea rekodi za mtu yeyote duniani bila malipo. Maktaba ya sauti ya Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, ambayo chimbuko lake ni rekodi za mwaka 1929, nayo inapokea. Milango iko wazi, na sisi ndio tunaochelewa kuingia.

Rekodi inayojulikana kuwa ya kwanza kabisa ya sauti ya ndege ilinaswa mwaka 1889 na mtoto wa Kijerumani, Ludwig Koch, kwenye silinda ya nta, chombo cha kunasia sauti cha enzi hizo, na ndege mwenyewe alikuwa wa kufugwa. Nta ni kitu laini sana, lakini sauti ile ipo mpaka leo kwa sababu palikuwa na watu walioithamini na kuitunza.

Na kwetu sauti si pambo. Komba mdogo wa Rondo alitambuliwa na wataalamu katika miaka ya 1990 kuwa aina ya peke yake, na mlio wake ulikuwa ushahidi mkubwa, maana usiku komba wadogo hawa wanafanana mno kwa sura. Anaishi katika mabaki ya misitu ya pwani, ikiwemo Pugu, pembeni tu ya Dar es Salaam. Bundi mdogo wa Sokoke naye alijulikana kwa sayansi mwaka 1965 kule kwenye msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya, na huku kwetu Usambara Mashariki akathibitishwa mwaka 1992 tu. Nani ajuaye kilichomo kwenye kaseti ambazo bado hazijasikilizwa?

Nikiwa kwa bundi huyo, naomba niseme jambo kwa uzito. Kumchezea ndege sauti yake mwenyewe ili asogee, tena na tena usiku kucha, ni kumtesa. Anadhani mgeni kavamia eneo lake, anaacha kuwinda, anaacha kiota. Kamati haitapokea rekodi zilizopatikana kwa njia hiyo. Vilevile, kabla ya kurekodi usiku karibu na makazi, mpitieni mwenyekiti wa kitongoji. Kwa wengi wa wenyeji wetu mlio wa bundi ni habari ya msiba, na watu wanaotembea gizani wakiufuata lazima wazue hofu. Tulipoeleza mapema, tulipokelewa vizuri na tukapewa hata vijana wa kutuongoza.

Kamati inapendekeza mambo yafuatayo. Fedha za safari iliyoahirishwa zinunue mashine nzuri ya kuchezea kaseti, iliyotumika lakini iliyofanyiwa matengenezo, pamoja na diski mbili za kuhifadhia, moja ikae Tanga na nyingine Dar es Salaam. Kila mwanachama mwenye kanda za zamani, zake au za marehemu wa familia yake, azilete kabla ya masika, akiambatanisha chochote anachokumbuka kuzihusu. Na kuanzia leo, rekodi yoyote itakayopokelewa na chama iwe na sauti ya mrekodi mwenyewe mwishoni, ikitaja mahali, tarehe, saa na hali ya hewa.

Mzee wetu ameahidi kukaa nasi tunapozihamisha kanda zake, atutajie mahali pale ambapo sauti yake haisikiki vizuri. Kwa hiyo suala la muda si la kusogeza mbele mpaka mkutano ujao.

Ndugu wanachama, naomba kutoa hoja.