Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Meya: Tufungulieni njia ya bondeni

Mheshimiwa Meya,

Salamu kutoka mtaa wa juu, upande wa msituni. Barua zangu zilizotangulia nilikuandikia kwa Kijerumani, na zote zilijibiwa kwa maneno yale yale: suala linashughulikiwa. Hii naiandika kwa Kiswahili na kuiweka hadharani, ili ndugu zangu tunaoishi nao huku Ujerumani waisome. Tafsiri yake utaikuta mezani kwako Jumatatu.

Jumapili iliyopita jirani yangu, mzee aliyevuka miaka 80, alivunjika mguu kwenye njia ya bondeni. Alifuata mshale. Mshale upo mpaka leo, rangi haijapauka, na unaelekeza watu kule kule ambako ofisi yako ilifunga kwa utepe mwekundu na mweupe. Utepe wenyewe ulikatwa na upepo zamani na hakuna aliyekuja kuufunga tena. Mzee akakuta magogo yamelala njiani, akaanza kuyapanda. Nilipomfikia alikuwa amelala ubavu katikati ya magogo mawili, midomo imemkauka, anasema hana shida.

Nikapiga 112. Wakaniuliza nambari ya kituo cha uokoaji, ile inayoandikwa kwenye vibao vya msituni ili gari lijue pa kwenda. Mheshimiwa, kibao cha pale kilipigiliwa kwenye mti, na mti ulishaanguka, kibao kikalaliwa na shina. Ikabidi nimfunike mzee koti langu, nimwache peke yake, nishuke mbio hadi barabarani kuwasubiri waokoaji. Walivyohangaika kumtoa pale kwa machela, nisingependa uone mzazi wako akitolewa hivyo.

Ukame hukuuleta wewe, hilo nalijua. Januari 2018 kimbunga Friederike kiliangusha misitu mizima hapa kwenye milima yetu ya Harz, halafu ukaja ukame wa 2018, 2019 na 2020. Misonobari hii, ambayo mababu zenu waliipanda kwa safu kwa ajili ya migodi, haikuwa na maji. Msonobari wenye afya humzamisha mbawakawa wa magome ndani ya utomvu. Wenye kiu hauna cha kumzamishia. Wadudu hao wakaiua miti, milima yote ikageuka kijivu. Lakini mti uliokufa umesimama huoza taratibu na kuanguka baada ya miaka, hata siku isiyo na upepo. Watu wako wa misitu wanalijua hilo kuliko mimi, kwa hiyo magogo yale hayakumshtua mtu yeyote ofisini.

Na daraja? Daraja dogo la mbao la pale kijitoni halikuuawa na mbawakawa. Sisi wa mtaa wa juu tunaamini lilivunjwa na mashine za kuvuna miti, zile zilizoacha mifereji ya magurudumu inayomfika mtu magotini. Labda tunakosea. Mbao za magogo ziliuzwa, hilo tuliliona kwa macho, malori yalipita usiku na mchana. Fedha zilikwenda wapi sijui, ila kuna maegesho mapya ya magari ya wageni, na kwenye njia ya bondeni hakuna hata msumari mpya.

Kwenye mkutano ule wa ukumbini ulisimama ukasema, mbele yetu sote, kwamba njia itafunguliwa kabla ya msimu wa matembezi kuanza. Tulipiga makofi. Msimu ule umepita, na mwingine umepita.

Jibu la mwisho la ofisi yako lilisema mnahofia kushtakiwa mtu akiangukiwa na mti. Nimelisoma suala hilo. Sheria ya misitu ya 1975 inampa kila mtu ruhusa ya kuingia msituni kupumzika, kwa dhamana yake mwenyewe. Na mwaka 2012 Mahakama Kuu ya Shirikisho iliamua kwamba mwenye msitu hawajibiki kwa hatari za kawaida za msitu, hata kwenye njia za matembezi. Tawi likianguka, ni msitu. Lakini daraja, ngazi na vishikio vilivyojengwa na mji ni vya mji, na ni mji unaopaswa kuvitunza. Sasa mnachokiogopa ni kipi?

Yule mzee, Mheshimiwa, amezaliwa hapa. Mlima Brocken, mrefu kuliko yote ya Harz, ulikuwa mpakani, na Ujerumani Mashariki iliufunga mwaka 1961 yeye akiwa kijana. Akautazama kutoka dirishani kwao mpaka tarehe 3 Desemba 1989, watu walipopanda kwa miguu na kudai lango lifunguliwe, naye akiwamo. Ameanza kukusanya uzeeni mihuri ya Harzer Wandernadel, ile tuzo ya watembeaji wanaogonga muhuri kwenye daftari kila wafikapo kituo. Vituo ni 222, ukifikisha 50 unaitwa mfalme wa matembezi. Alikuwa karibu kufika. Alikuwa anakwenda kugonga muhuri.

Nami niseme langu. Ninafanya kazi kwenye nyumba ya wazee iliyo ng'ambo ya bonde. Kwa njia ile nilikuwa nafika kabla miguu haijapata baridi. Sasa nazunguka na barabara ya magari isiyo na njia ya waenda kwa miguu, alfajiri, gizani, malori yakinipita yakinirushia tope la theluji. Wikiendi basi ni la kubahatisha. Goti langu la kushoto limevimba tangu vuli. Wazee wangu, ambao tulizoea kuwapeleka mpaka kwenye benchi la kijitoni kusikiliza maji, sasa wanazungushwa uani tu, na mmoja amefariki akiwa bado ananiuliza tutakwenda lini.

Mimi ni mtoto wa Lushoto. Kwetu mvua ikibomoa njia ya mlimani, watu wanaitana msaragambo, Jumamosi moja majembe yanatoka, njia inapitika. Huku pia watu wapo. Wanachama wa Harzklub, chama cha watembeaji wa Harz, wamekuwa wakitunza njia za milima hii tangu 1886. Majirani zangu wana misumeno na wameomba kibali. Mmewakatalia.

Nilikusudia kuomba mengi: magogo yakatwe, vibao virudishwe, mshale ule ung'olewe kama njia itabaki imefungwa, mzee aombwe radhi. Ofisi yako ikiona mengi, itaunda kamati. Basi naomba daraja. Lirudisheni daraja kabla ya theluji, au tupeni kibali tulijenge wenyewe, mbao tutachangishana. Daraja tu, Mheshimiwa Meya.

Nangoja jibu lenye tarehe.

Wako,
Mkazi wa mtaa wa juu, mhudumu wa wazee