Mdogo wangu, kile kiti cha katikati

Mdogo wangu,

Ulisema mbele ya watu, nami nakujibu mbele ya watu. Siku ya matanga ya Baba, wajomba wamekaa, chai haijamiminwa bado, ukasema: "Mngeniambia, nisingeondoka." Hukutaja jina. Lakini aliyekuwa akiishi na Baba hapa Buruburu ni mimi peke yangu, na kila aliyekuwa chini ya lile hema aligeuka kunitazama.

Neno hilo ninalo tangu Desemba. Sasa jakaranda zimechanua tena, njia yetu yote ni zambarau, nawe umeniandikia kwamba utakuja mwezi huu "kama kawaida". Kawaida gani?

Najua Oktoba ndiyo nafasi yako. Huko Austria unakofanya kazi wageni wa kiangazi wameondoka, wa theluji hawajafika. Ulitueleza mezani mwaka jana huku ukila sukuma kama mtu aliyefunga mwezi mzima. Ukatuonyesha picha za ng'ombe wa Tyrol wakiteremshwa kutoka malishoni, wamevishwa maua na kengele, na ile misonobari inayogeuka manjano kabla ya kupukutisha sindano zake. Ukasema hiyo ndiyo vuli. Baba akacheka: "Vuli ni mvua, mwanangu. Hayo ni majani yanaanguka."

Kilichomkaa moyoni ni mashuka. Ulipomwambia kwamba joto likikaribia watu huifunika theluji kule juu kwenye barafu ya mlima kwa mashuka meupe, isiyeyuke yote kabla ya msimu mwingine, aliweka tonge chini. "Na usiku pia wanaiacha imefunikwa?" Alimsimulia kila mtu habari hiyo, hadi kinyozi wake.

Sijakushukuru kwa wiki mbili zile. Asante. Asante kwa Naivasha, ulivyomshika kiwiko akiingia kwenye mashua. Asante kwa Ngong, kofia yake ilipopeperushwa ukaifukuza mpaka chini ya zile mashine za upepo, naye amesimama anakushangilia kama uko uwanjani. Alirudi nyumbani anatembea kama kijana.

Halafu ikaja simu ya Alhamisi. Theluji imewahi, baridi imetosha kuwasha mashine za kutengeneza nyingine, wanafungua mapema, wanakutaka kazini. Uliongea Kijerumani umesimama dirishani, na Baba anakutazama kwa fahari, kwa kuwa haelewi hata neno moja. Mimi nilielewa kwa kukutazama mgongo. Ijumaa usiku uliondoka.

Na tiketi za Jumamosi zilikuwa zimelipwa! Wikendi ya Mashujaa, treni ya Mombasa ya saa mbili asubuhi inayosimama kila kituo, kwa sababu Baba alitaka kuviona vituo vyote. Mtu aliyetengeneza mabehewa ya reli ya zamani mpaka akastaafu, na hii mpya, tangu ianze 2017, hajawahi kuipanda. Kila nilipomwambia twende, alijibu kwamba ataipanda na watoto wake wote wawili.

Tulienda. Pale Syokimau tuliweka mizigo chini kwenye mstari, mbwa wakainusa, Baba amesimama wima na koti lake la kitambaa kizito. Viti vyetu vilikuwa vitatu. Yeye dirishani, mimi pembeni, chako katikati. Akaweka mkoba wake hapo. Emali mtu akauliza, "Mzee, hapa kuna mtu?" Akajibu, "Yupo." Kibwezi akajibu hivyo hivyo. Mtito Andei pia: "Yupo, anakuja." Mimi nilikuwa natazama nje, mchanga mwekundu wa Tsavo, ndovu wamejipaka rangi ile ile, na sikuona kitu.

Ndani ya mkoba mlikuwa na mayai sita ya kuchemsha, ameyafunga kwenye gazeti, na chumvi kidogo imesokotwa kwenye kikaratasi. Aliamka usiku kuyachemsha, wewe ukiwa angani. Alikula yake mawili, akanipa yangu mawili, akalifunga gazeti tena vizuri kwa vile viganja vyake vilivyopasuka.

Voi akaingia mama na mtoto wa miaka kama mitano. Hawakuuliza kitu. Baba mwenyewe akainua mkoba, akaupakata, akamkalisha mtoto. Akamenya mayai yako. Akaanza kumwambia yule mama kwamba mwanawe anafanya kazi kwenye theluji, kisha hadithi yake ile ya Philip Boit, Nagano, 1998, kilomita kumi za kuteleza kwenye theluji, Mkenya wetu wa kwanza kwenye Olimpiki ya baridi, akamaliza wa mwisho. Na Bjørn Dæhlie, ambaye alikuwa ameshashinda, hakuondoka. "Alimngoja, mama. Bingwa mzima! Alimngoja ili amkumbatie." Alisema "alimngoja" mara tatu.

Hapo ndipo siwezi kukusamehe. Nimejaribu.

Sasa jibu lako. Ndiyo, nilijua. Daktari aliniambia Agosti kwamba moyo umechoka. Baba akaniapisha ndani ya matatu, tukirudi nyumbani: mwache mtoto afurahie likizo yake. Ningefanya nini? Nimvunjie kiapo mzee wa miaka sabini na tatu? Na wewe ulimwona akipumzika mara mbili kwenye ngazi zile za kwetu, ghorofa ya pili tu, ukasema amezeeka. Hukuuliza. Kama ungeniuliza uso kwa uso ningeshindwa kukudanganya, unanijua. Nakushauri kama dada yako, siku nyingine ukipigiwa simu ya kazi, kabla hujasema ndiyo, uliza nyumbani kuna nini. Mimi niliuliza kila siku. Mimi ndiye niliyempeleka kliniki, niliyepanga vidonge vyake. Ijumaa ile, ukifunga begi, nilisimama mlangoni kwako kama dakika mbili nzima. Ukaniuliza, "Vipi, Dada?" Nikasema nimekuletea taulo.

Nilikuwa na taulo kweli.

Wiki iliyofuata mashindano ya Kombe la Dunia ya kuteleza kwenye theluji yalianza Sölden, huko huko Tyrol, akaniomba nimtafutie kwenye simu. Nilimwambia bonde lenu ni jingine. Akasema najua, lakini akakaribia kioo, anatazama watu waliosimama pembeni badala ya wanaoteleza.

Njoo. Chumba chako nimekifagia. Saa ile aliyoiweka juu ya kabati, ya kujua kwenu ni saa ngapi asikuamshe, bado ipo. Mwaka jana, Jumapili ya mwisho ya Oktoba, aliirudisha nyuma mwenyewe, ikawa inapishana na yetu kwa saa mbili. Machi ilipofika sikuweza kuigusa, nimebadilisha betri tu. Tangu hapo imekuwa ikikosea kwa saa moja. Jumapili ya mwisho ya mwezi huu itakuwa sawa tena.