Kijana yuko salama, soma mpaka mwisho

Kirumba, Mwanza
Jumapili usiku

Kaka Mabula,

Mhola? Natumai wewe, shemeji na watoto hamjambo, sisi huku tunamshukuru Mungu. Salamu zimekomea hapo. Nikizirefusha utajua kuna kitu nakificha, na kweli kipo.

Masanja wa dada Kulwa yuko salama. Naanza na hilo kabla Doto hajakupigia na kukupa habari kwa mtindo wake ule wa kuanza na kilio. Ameshonwa nyuzi nne, vidole viwili vya mkono wa kulia, cha shahada na cha kati. Anakula, anacheka, jana kanifunga bao mara mbili akicheza kwa mkono wa kushoto. Lakini Alhamisi jioni, kaka, ilibaki kidogo sana nikuandikie barua ya namna nyingine.

Nimeshika simu mara tatu nikaiweka. Najua kwenye simu ungeniuliza "wewe ulikuwa wapi?" kabla sijamaliza sentensi ya kwanza. Na hilo ndilo swali lenyewe. Kwa hiyo naandika.

Unaikumbuka ile hoteli ya ghorofa saba, yenye maegesho chini ya ardhi, ulikonisaidia kuvuta kebo mwaka ule ukaapa hutapanda tena ngazi zile? Feni zetu mbili bado ziko juu ya paa, zile za F400 zinazotakiwa kuvuta moshi wa nyuzijoto 400 kwa saa 2 bila kufa. Tangu Septemba nazihudumia mimi tena. Yule fundi wa katikati, Mungu amsamehe, aliacha vituko. Ile shingo laini inayounganisha feni na dakti, lile bomba la kupitishia hewa, ilipochanika, alishona turubai la lori. Turubai! Na upande wa pili kaondoa kebo yetu ya kuhimili moto, kavuta waya wa kawaida wa PVC, ambao hata siku ya kawaida haupaswi kuzidi nyuzijoto 70. Yaani feni ingekuwa nzima, waya wake umeshayeyuka. Nilimwambia meneja mpya, akanijibu mbona zinazunguka. Zinazunguka, ndiyo. Hata tiara inazunguka.

Huyo meneja ana lake jingine, anataka feni moja izimwe kabisa kubana umeme. Nilikaa naye na karatasi. Maegesho ni mita 40 kwa 25, kimo mita 3, hewa yake ni mita za ujazo 3,000. Ikiwaka gari mle, hewa hiyo itolewe mara 10 kwa saa, ndiyo mita za ujazo 30,000, na kila feni inabeba nusu. Ukizima moja umebaki na nusu, na hiyo iliyobaki ikigoma huna kitu. Akaniuliza, gari litawakaje? Nikanyamaza. Mtu mwenye swali hilo hajibiwi kwa maneno.

Basi, Alhamisi.

Umezoea mbu wa Mbagala, sijui kama bado unawakumbuka wadudu wetu wa ziwani. Mwezi ulikuwa umeandama siku tatu nyuma, na wewe unajua siku hizo wanavyoinuka, nguzo baada ya nguzo, ukiwa Capripoint unaweza kuapa kuna mtu anachoma mkaa katikati ya maji. Wiki nzima walikuwa wameziba nyavu za feni. Tope lile likikauka ni kama saruji, mota inahema, beringi zinalia. Nikamchukua Masanja tukapanda saa kumi jioni kusafisha kabla hawajaja wengine, na mawingu ya vuli yalikuwa yanajikusanya upande wa Ukerewe, sikutaka tukutwe juu na radi.

Mkanda wa usalama alivaa. Kamba nilimfungia mimi mwenyewe, kwenye boriti la zege, si kwenye mguu wa feni kama wanavyofanya wengine, na niliifupisha asiweze kufika ukingoni. Ukuta wa ukingo pale unafika magotini tu, unaukumbuka. Hilo moja nililifanya sawasawa, naomba uliandike mahali.

Nikamwambia, nenda kwenye paneli, zungusha swichi mpaka sifuri. Akazungusha. Nikaiona kwa macho yangu iko sifuri. Akafungua wavu, akaingiza mkono na brashi, akaanza kukwangua panga moja moja. Mimi nikakumbuka grisi ya joto kali iko kwenye sanduku la pikipiki. Nikashuka.

Nilishuka, Mabula. Na sanduku lile nilikuwa nimelifunga kwa kufuli jekundu, lile ulilonipa wewe tulipomaliza kazi ya kwanza, ukasema "hili ni la aisoleta, usije ukafungia kuku."

Aisoleta, ile swichi ya kukata umeme wote wa feni pale pale, iko hatua mbili kutoka kwenye feni, nyumba yake ya plastiki imepauka kwa jua lakini mpini ni mzima, na tundu la kufuli lipo. Ilikuwa imewashwa. Hatukuigusa. Tuliamini sifuri ya paneli, na ile sifuri ni ya siku za kawaida tu. Alamu ya moto ikiita, rilei yake, kile kiswichi kinachojiwasha chenyewe, inairuka swichi yote, iwe sifuri, iwe mkono, iwe oto, kontakta, swichi kubwa ya mota, inavuta, feni inawaka. Ndivyo inavyotakiwa! Mimi mwenyewe ndiye niliyeichora hivyo, ili mtu asije akaisahau kwenye sifuri siku moto ukitokea. Hata ovalodi, kinga ya kuzima mota ikizidiwa, nimeiruka, feni ya moshi inatakiwa ifie kazini, haizimwi kwa sababu mota imechemka. Najua yote haya. Nawafundisha vijana yote haya.

Saa kumi na mbili kasoro wadudu wakaingia. Ghorofa ya sita mtu kaacha dirisha la korido wazi na taa inawaka. Sasa kile kitambua moshi kinapiga mwanga ndani ya kichumba chake cheusi, na chochote kinachoutawanya mwanga huo kwake ni moshi, iwe vumbi, iwe mvuke, iwe mdudu wa ziwani. Wakajaa mle.

Nilikuwa ghorofa ya pili narudi na kopo la grisi niliposikia kengele. Nikasema, aa, wadudu hao. Hatua mbili zaidi nikausikia mngurumo juu. Unaujua ule wa star-delta, mota kuwaka kwa hatua mbili: unapanda, unakatika kama mtu aliyekwamwa na pumzi, halafu unapaa. Kaka, grisi niliitupa pale pale. Ghorofa tano sikumbuki nimezipandaje.

Anasimulia yeye kwamba mdudu alimwingia mdomoni. Akarudi nyuma kutema, mkono ukatoka naye. Panga likaikuta brashi, mpini wa brashi ukamkuta yeye vidoleni. Akaruka kinyumenyume kuelekea ukingoni, na kamba ikamkalisha chini. Nilimkuta amekaa kitako, mkono kaukumbatia, wadudu wamemjaa kichwani kama unga, na anacheka. Anacheka! Nusu ya brashi niliikuta Ijumaa kwenye gata, imekatwa kama muwa. Hayaitwi mapanga bure.

Kwa hiyo ukiniuliza nilikuwa wapi, nilikuwa kwenye ngazi, na kufuli lilikuwa kwenye pikipiki.

Huku chini nako kulikuwa na mkasa wake, nitakueleza haraka. Mlinzi alisikia kengele akateremsha shata ya kuingilia magari, eti asiibiwe mtu. Na zile luva za chini za kuingizia hewa, tulizozipigania mimi na wewe, wamezipigilia mbao laini mwezi uliopita kuzuia wadudu hao hao. Feni mbili zinavuta kwa nguvu zote, hewa ya kuingia hakuna. Mlango wa ngazi ukanasa. Mama Neema alikuwa mle na ndoo zake, anausukuma hausogei, mpaka mlinzi alipopandisha shata kidogo ndipo mlango ukajiachia akapepesuka nao. Ungekuwa moto kweli? Moshi hautoki mahali ambapo hewa haiingii, nimeyasema maneno haya mpaka mdomo umeota sugu. Mbao nimezing'oa mwenyewe Ijumaa, sikuomba ruhusa. Nitawawekea wavu wa matundu mapana, na mtu wa kuufagia kila asubuhi.

Jumamosi tulirudi. Nilimwambia Masanja akae nyumbani, akakataa. Basi tukafanya upya, yeye mkono umefungwa bandeji, ameketi juu ya ndoo kama hakimu. Kwanza nikaenda mapokezi kwa dada wa paneli ya alamu, nikamweleza, akaandika kwenye daftari, nikamwachia kibao cha "FENI 1 IMEFUNGWA, FENI 2 IPO KAZINI". Moja moja, hatuzimi zote. Halafu aisoleta chini, kufuli, ufunguo nikampa Masanja akautia mfuko wa shati na kufunga kifungo. Mita: fezi tatu, yaani nyaya tatu za umeme, kila moja kwa mwenzake, kila moja na ardhi, na kabla ya hapo nikaipima mita yenyewe kwenye soketi yenye umeme nijue haidanganyi. Kisha nikamwambia dada aite alamu ya majaribio. Kengele ikalia, feni ya pili ikaunguruma, ya kwanza kimya. Pamoja na hayo mapanga yalikuwa yanazunguka polepole yenyewe, upepo wa ziwa unapita kwenye dakti, nikayafunga kwa kamba kwenye fremu kabla ya kuingiza hata kidole. Masanja akasema, "Mjomba, Alhamisi tulikuwa wajinga." Nikamwambia hapana, wewe ulikuwa mwanafunzi.

Tulipomaliza akatoa ufunguo kwa mkono wa kushoto, akafungua yeye, akarudisha mpini juu yeye, akashuka kuchukua kibao yeye. Maana hiyo ndiyo hatari ya pili, unafanya usalama wako vizuri halafu unasahau kurudisha, na hoteli inalala miezi sita na feni iliyofungwa. Tuliita alamu tena, zote mbili zikaja. Nikashika utepe mbele ya tundu la kutolea, unapeperuka kwenda nje. Unakumbuka kazi ya Igoma, fezi mbili zilivyopishana tukawa tunasukuma hewa kurudi ndani, na mzee Lukuba anapiga makofi kwamba feni inafanya kazi?

Sasa shida yangu ni dada Kulwa. Hajui. Masanja amemwambia kajikata na bati. Mimi sikuusema uongo huo lakini niliusikia akiusema kwenye simu na nikaendelea kunywa chai, kwa hiyo ni wangu pia. Alinikabidhi mtoto kwa mikono miwili, pale kivuko cha Kamanga, akaniambia "umfundishe kazi, usimfundishe pombe." Pombe sijamfundisha.

Halafu nina ombi, usicheke. Ukipita Gerezani nitafutie kufuli sita za aina ile ile nyekundu, na vibao vya kuning'iniza, na aisoleta mbili za nje zenye tundu la kufuli, za ampea 32. Pia mota moja ya akiba ya feni, lakini mwambie muuzaji inakuja Mwanza. Tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, na mota nyingi zimepimwa kwa mita 1,000 kushuka chini, hewa yetu nyepesi haipoozi kama ya kwenu huko pwani. Akikwambia haina tofauti, nenda duka la pili. Pesa nitatuma Jumatano, mzigo mpe yule kondakta wa siku zote.

Sasa nijibu. Dada Kulwa nimwambie mimi au utamwambia wewe? Au twende wote Desemba ukija? Na utakuja kweli safari hii, au ni kama mwaka jana? Kijana aendelee nami, au moyo wako umesita? Sema tu, sitakasirika, ningekuwa wewe ningesita. Yeye anataka kuendelea, ameshaniuliza leseni inapatikanaje. Nyuzi zinatolewa Alhamisi, nitampeleka mwenyewe. Na wewe huko kazini, kufuli lako liko wapi? Nauliza kweli, sikutanii. Liko wapi sasa hivi unaposoma?

Shemeji msalimie. Doto akikupigia mwambie umeshajua.

Na hizo kufuli sita, angalia vizuri kabla hujalipa: funguo zisifanane.

Wako,
Lugendo