Hesabu Miguu Kwanza

Dodoma, Jumapili jioni

Mpenzi Mama Zawadi,

Salaam nyingi. Sisi huku hatujambo, ila vumbi tu, na upepo wa Dodoma unaujua. Ujumbe wako wa kuuliza kama wanaomuuma Zawadi usiku ni kunguni nimeusoma mara mbili, na unisamehe, nilicheka pale jirani alipokushauri uchome godoro. Shoga yangu, usichome kitu. Mimi niliwahi kuchoma. Enzi zile tukiishi chumba kimoja, nilitoa godoro la inchi sita uani nikalitia kiberiti, majirani wote macho kodo. Kumbe walionitafuna walikuwa viroboto wa paka niliyemfuga mwenyewe! Wiki nzima nikalala mkekani, na vifundo vya miguu vinawasha vilevile.

Ile picha uliyonitumia ni ukungu mtupu, naona kidoa cha kahawia juu ya shuka basi. Na alama za mkononi mwa Zawadi hazinisaidii sana. Watu husema kunguni huuma kwa mstari. Mara nyingine ni kweli, lakini ngozi hazifanani. Mnaweza kulala kitanda kimoja wewe na Baba Zawadi, mmoja akaamka na mapele, mwenzake hana hata alama, na nyote mmeumwa. Tumtafute mdudu mwenyewe.

Amka usiku wa manane na tochi. Inua godoro, kagua mshono wa pindo lake, kisha matundu ya misumari na mahali chaga zinapokaa. Kunguni mkubwa ni kama punje ya choroko iliyobonyezwa, rangi ya kahawia inayoelekea wekundu, bapa kiasi cha kupenya ufa mwembamba kama kadi ya benki. Ana miguu sita. Hapai wala haruki, anatembea tu. Watoto wake wamepauka kama majani makavu, unaweza kuwapita usiwaone mpaka washibe, hapo damu inaonekana tumboni. Ukikuta vidoa vyeusi kwenye godoro, vipanguse kwa kitambaa chenye maji. Vikisambaa kama wino, hicho ni kinyesi chake. Harufu yake sikuelezi, tulilala bweni pamoja.

Mdudu akiruka ulipomgusa, huyo ni kiroboto. Mwili wake umebanwa ubavuni kama samaki, kunguni amebanwa juu kwa chini. Mende mchanga naye hudanganya wengi kwa rangi, lakini ana nyuzi mbili ndefu kichwani na ukiwasha taa anatoka mbio. Chawa wa mwilini mtafute kwenye mishono ya nguo unazovaa. Ile methali ya kikulacho ki nguoni mwako naamini aliyeitunga alikuwa na chawa, maana kunguni hashindi nguoni, anashinda ufani akikungoja ulale.

Sasa kuna neno umelitaja kwa kupita tu, mimi likanishtua. Unasema Zawadi amerudi juzi kutoka kwa bibi yake kule Mvumi, na alilala kwenye tembe la zamani, nyumba ya udongo, chini, juu ya ngozi. Huko mimi naulizia papasi. Papasi si kunguni hata kama wote huuma usiku na kujificha. Ni jamaa wa kupe: mkubwa ana miguu minane, ngozi ngumu yenye mikunjo, rangi ya udongo, na makao yake ni nyufa za sakafu na kuta za udongo. Anafyonza kwa dakika chache, anarudi mchangani, na mtoto asubuhi hajui kitu.

Kunguni atakunyima usingizi na kukutia aibu kwa wageni, lakini haijathibitika kwamba anaambukiza watu ugonjwa. Papasi anaambukiza homa ya vipindi. Chuoni tulifundishwa kwamba kijidudu chake kimepewa jina la daktari Mwingereza, Dutton, aliyefia Kongo mwaka 1905 akiichunguza homa hiyohiyo. Inapanda ghafla, inakaa siku chache, inaondoka ukadhani mtoto amepona, kisha inarudi. Wengi huiita malaria. Kipimo cha haraka cha malaria hakiwezi kuionyesha, kwa hiyo Zawadi akipata homa wiki hii au mbili zijazo, mpeleke kituoni, sema wazi kwamba alilala kwenye nyumba ya udongo, na uombe damu itazamwe kwa hadubini. Dawa zipo na inapona. Kwa wajawazito ni hatari zaidi, mwambie na wifi yako asiende kulala kule hivi sasa.

Ikiwa ni kunguni, mwagia chaga maji yanayochemka, fua shuka kwa maji ya moto, ziba nyufa. Dawa ya kupuliza usiitegemee peke yake. Kunguni wengi wameshaizoea ile jamii ya dawa inayotiwa kwenye vyandarua. Na yule jirani anayedai wametoka kwako, mwache aseme. Kunguni hapiti mlangoni akaulizwa ametoka kwa nani.

Ukimnasa mmoja, mtie kwenye kiboksi cha kiberiti au umbandike kwa selotepu kwenye karatasi nyeupe. Hesabu miguu kwanza, kisha piga picha mchana dirishani, unitumie. Kesho niko zamu ya usiku, nitakuwa macho.

Mbusu Zawadi.

Ni mimi shoga yako,
Mama Pili